Mheshimiwa Alipigaje Kura? Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Bunge la Minnesota

Kila mwaka wa uchaguzi kisanduku changu cha barua hapa Brooklyn Park, kaskazini kidogo ya Minneapolis, hujaa vikaratasi vya kampeni. Kimoja kinasema mheshimiwa amewapigania wafanyakazi. Kingine kina picha yake ileile, ila imetiwa giza mpaka anafanana na mwizi wa kuku, na kinasema amewauza wafanyakazi haohao. Vyote viwili vinaapa kwa kura alizopiga. Hakuna hata kimoja kinachotaja nambari ya mswada, wala tarehe, wala kura zilikuwa ngapi kwa ngapi.

Kwenye makundi yetu ya WhatsApp hali ni ileile. Niliwahi kusoma mabishano ya saa mbili kuhusu nani "alitupatia" sheria ya leseni za udereva kwa wasio na makaratasi ya uhamiaji. Wengi walimshukuru Ilhan Omar. Sasa, Ilhan Omar ni mbunge wa Bunge la taifa, huko Washington. Sheria ile ilipitishwa St. Paul, mji mkuu wa jimbo, na yeye hakuwa na kura pale. Waliokuwa na kura, waliounga mkono na waliopinga, hawakutajwa hata mmoja, na baadhi yao tunapishana nao kwenye maegesho ya duka.

Mwongozo huu ni wa kuyakata mabishano ya namna hiyo. Nimechagua Bunge la Minnesota kwa kuwa ndilo ninalolijua. Ukiishi jimbo jingine njia ni ileile, na nitagusia tofauti chache mbele. Hauhitaji digrii ya sheria. Unahitaji simu au kompyuta, jedwali la kuandikia, na jioni mbili tatu ambazo huna shifti.

Neno moja kuhusu "masuala ya kimaendeleo". Katika siasa za Marekani kapu hilo lina haki za wafanyakazi na likizo yenye malipo, bima ya afya kwa wote, haki za wahamiaji, uavyaji mimba, haki ya kupiga kura, mazingira, makazi, udhibiti wa bunduki. Si lazima uyapende yote ndipo uyafuatilie. Nawajua wazee wa kanisa wanaofuatilia mswada uleule ninaoufuatilia mimi, wao wakiomba uanguke. Rekodi tunayoisoma ni moja.

Kwanza mjue unayemfuata

Minnesota imegawanywa katika maeneo 67 ya seneti, na kila eneo limekatwa mara mbili, A na B. Ndiyo maana Seneti ina viti 67 na Baraza la Wawakilishi viti 134. Maana yake huko St. Paul una watu wawili tu wa kuwafuatilia, seneta mmoja na mbunge mmoja. Ukiwa unaishi 38A, seneta wako ni wa 38 na mbunge wako ni wa 38A. Eneo hilohilo la 38A ndilo lililomchagua Huldah Momanyi Hiltsley Novemba 2024, mzaliwa wa Kenya, naye akawa Mkenya wa kwanza kuingia Baraza hilo.

Nenda leg.mn.gov utafute ukurasa unaouliza nani anakuwakilisha. Andika anwani ya nyumba yako. Utaletewa majina kadhaa, na hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu orodha inachanganya wa jimbo na wa taifa. Amy Klobuchar na Tina Smith ni maseneta wa Washington. Unayemtafuta ni yule mwenye nambari ya eneo, mwenye ofisi St. Paul. Kwa sisi tuliozoea seneta mmoja wa kaunti, huku kuwa na maseneta wa ngazi mbili huchukua muda kuzoeleka.

Mipaka ya maeneo ilichorwa upya mwaka 2022. Ukiona kura ya 2019 ya mtu anayeitwa mwakilishi wa eneo lako, hakikisha ni mtu yuleyule na kwamba enzi hizo mtaa wako ulikuwa wake.

Chagua masuala kabla ya kuona majina

Hatua hii huonekana ndogo, lakini ukiiruka kazi yote inakuwa propaganda. Ukianza na majina utajikuta unachagua kura zinazompaka matope usiyempenda na kuzisahau zinazomwaibisha wako. Andika masuala yako kwanza, manane au kumi, kisha ndipo ufungue rekodi, na ukubali kitakachotoka.

Anza na yaliyogusa nyumba yako. Mwaka 2023 unafaa kwa mazoezi, kwa sababu chama cha DFL, ndivyo Democrats wanavyoitwa Minnesota, kilishika Baraza kwa viti 70 dhidi ya 64, Seneti kwa 34 dhidi ya 33, na ugavana wa Tim Walz. Mambo yaliyokuwa yamekwama kwa miaka yalipita mfululizo. HF 1 ililinda haki ya uavyaji mimba. HF 4 iliruhusu leseni ya udereva bila kuuliza hadhi ya uhamiaji. Gavana aliitia sahihi Machi 7, na ikaanza kutumika Oktoba 1 mwaka huo. HF 5 ilileta kifungua kinywa na chakula cha mchana bure shuleni. HF 28 iliwarudishia haki ya kupiga kura waliotoka gerezani. SF 2 ilianzisha likizo yenye malipo ya uzazi, ugonjwa na kumuuguza ndugu, ambayo malipo yake yalipangwa kuanza Januari 1, 2026. Kwa tunaofanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee, hiyo ya mwisho peke yake ingetosha kumfanya mtu aanze kufuatilia bunge.

HF ni mswada uliozaliwa Baraza la Wawakilishi, SF ni uliozaliwa Seneti. Mara nyingi miswada huzaliwa pacha, mmoja kila upande, lakini mmoja tu ndiye hufika mwisho. Likizo yenye malipo ilikuwa na pacha HF 2. Ukiifuata HF 2 peke yake utadhani sheria ilifia njiani, kumbe iliyovuka ni SF 2. Ukiona mswada umenyamaza ghafla, mtafute pacha wake kabla ya kuomboleza.

Kuupata mswada na kuusoma

Ofisi ya Revisor, inayotunza maandishi ya sheria za jimbo, ina tovuti revisor.mn.gov. Pale utaandika nambari ya mswada, ila kwanza chagua kikao. Bunge huhesabiwa kwa miaka miwili miwili: la 2023–2024 ni la 93, la 2025–2026 ni la 94. Nambari huanza upya kila bunge jipya, kwa hiyo HF 4 ya 2023 na HF 4 ya 2025 hazina undugu wowote. Vikao maalumu navyo vina orodha yao peke yao. Nilipoteza usiku mzima kutafuta kura ya Juni 2025 kwenye kikao cha kawaida, na ilikuwa imelala kwenye kikao maalumu.

Ukurasa wa mswada utakuonyesha safari yake yote kwa tarehe: kusomwa mara ya kwanza, kamati ulizopitia, marekebisho, kusomwa mara ya tatu na kupitishwa, mara nyingi hesabu ya kura ikiwa pembeni pamoja na ukurasa wa Journal, yaani kumbukumbu rasmi ya kikao. Huo ukurasa wa Journal ndio dhahabu yako. Uandike.

Maandishi yenyewe yanasomeka kwa ufunguo mmoja: maneno yaliyopigiwa mstari chini yanaongezwa kwenye sheria, yaliyokatwa kwa mstari katikati yanaondolewa, yasiyo na mstari ni sheria iliyopo tayari. Ukishajua hilo, kurasa ishirini zinasomwa kwa dakika kumi. Kizungu cha kisheria kikikushinda, Baraza lina idara ya utafiti isiyo ya chama inayoandika mihtasari, na pia lina huduma ya habari, Session Daily, inayoeleza mjadala bila kupigia upande debe. Zote mbili ni bure.

Mswada una matoleo. Kila ukirekebishwa unachapishwa upya. Kura ya Februari ilihusu toleo la Februari. Kikaratasi cha kampeni kikisema mheshimiwa aliunga mkono kifungu fulani, angalia kama kifungu hicho kilikuwamo siku aliyopiga kura.

Kura gani hasa?

Sentensi "alipiga kura ya hapana" haina maana mpaka useme aliulizwa nini. Kwenye mswada mmoja mtu anaweza kupiga kura mara kumi, na zote si sawa.

Kuna kura ya sauti, ambapo wanaokubali husema ndiyo na wanaopinga husema la, na mwenyekiti huamua kwa sikio. Hiyo haiachi jina la mtu. Kuna kura ya majina, ambapo kila mmoja huandikwa. Katiba ya Minnesota, ibara ya IV, inadai kwamba sheria ipitishwe na wengi wa wajumbe wote waliochaguliwa katika kila baraza, na kura hiyo iingizwe katika Journal. Kwa hiyo kura ya mwisho ya mswada wowote uliokuwa sheria ina majina. Hakuna pa kujificha.

Kabla ya hiyo ya mwisho kuna kura za kamati. Nyingi huwa za sauti, lakini katika kamati za Baraza mjumbe akidai kura ya majina, inaandikwa katika kumbukumbu za kamati. Kuzipata ni kazi ya kuchimba. Mimi huzifuata pale tu mswada ulipofia kwenye kamati.

Kuna kura za marekebisho, na hizi nazipenda kuliko zote. Siku ya mjadala upande wa wachache huleta rekebisho baada ya rekebisho, mengine ya dhati, mengine mitego ya kutengeneza vikaratasi vya Oktoba. Mtu atapendekeza, tuseme, kwamba mswada wa likizo usihusu biashara ndogo. Anayepiga hapana ataandikwa kwenye kikaratasi kuwa adui wa biashara ndogo. Huenda alikataa tu kuuvunja mswada alioukubali. Upande wa pili, mheshimiwa anayeunga mkono mswada mwishoni baada ya kuunga mkono marekebisho yote ya kuutoa meno, naye anakuambia kitu.

Baraza na Seneti zikipitisha matoleo tofauti, ama upande mmoja hukubali toleo la mwenzake, ama kamati ya pamoja huundwa kupatanisha, kisha mswada unarudi kupigiwa kura tena bila kurekebishwa. Kwa hiyo usishangae kuona mtu alisema ndiyo Februari na hapana Mei. Katika jedwali lako tumia ile ya mwisho, na ya kwanza iandike pembeni.

Baraza lina ukurasa wa kura kwenye house.mn.gov, unaotafutika kwa nambari ya mswada. Kwa Seneti, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa Journal ulioandika.

Hesabu isiyosema uongo

Tuichukue HF 4, ile ya leseni. Baraza liliipitisha kwa kura 69 kwa 60. Jumla ni 129. Viti ni 134. Watano hawakupiga kura. Journal itakupa walioafiki, kisha waliokataa. Hao watano wasakwe kwa kuondoa majina kwenye orodha kamili. Kazi ya kuchosha, lakini ndipo wanapojificha watu. Wengine walikuwa na ruhusa halali, wagonjwa au wana msiba. Wengine hupatwa na haja ya kahawa dakika ileile jambo zito linapofika.

Hapa kuna jambo ambalo kadi nyingi za alama, yaani orodha za vyama zinazompima kila mheshimiwa kwa kura zake, hulikosea. Katika kura ya mwisho, mswada unahitaji wengi wa wote waliochaguliwa: 68 katika Baraza, 34 katika Seneti, hata kama nusu ya viti viko wazi. Kwa hiyo mbele ya kura hiyo, kutokuwepo na kupinga vina uzito mmoja. Seneti iliipitisha HF 4 kwa 34 kwa 31. Wawili hawakupiga, na hawakubadili chochote, maana 34 walitimia barabara. Lakini angekosekana mmoja tu wa hao 34, leseni zingebaki ndoto, hata kama waliopinga wangebaki 31. Kwenye marekebisho kanuni hiyo haipo. Pale hutosha wengi wa waliopiga.

Hesabu pia inakuambia nani alivuka mstari wa chama, kabla hujasoma jina lolote. HF 5, ya chakula shuleni, ilipita Seneti kwa 38 kwa 26. DFL walikuwa 34 tu. Basi Republican wasiopungua wanne waliunga mkono. HF 1 ilipita Baraza 69 kwa 65, wote 134 wakiwepo, na DFL walikuwa 70. Kuna wa DFL aliyepinga. Ukikutana na namba kama hizo, hapo ndipo pa kwenda kusoma majina kwa makini, kwa sababu mtu anayevuka mstari hukuonyesha msimamo wake mwenyewe, si wa chama.

Ukitaka kujua kwa nini, tazama video. Mabaraza yote mawili hurekodi mijadala na kuihifadhi. Wakati wa mjadala wa chakula shuleni seneta mmoja alisimama akapinga kwa hoja kwamba hajawahi kukutana na mtu mwenye njaa katika Minnesota. Jambo kama hilo huwezi kulipata kwenye safu ya ndiyo na hapana.

Mswada wa gunia

Katiba inasema sheria isibebe jambo zaidi ya moja. Bunge limezoea kulielewa neno "moja" kwa ukarimu mkubwa. Mwisho wa kikao hutokea miswada jumuishi, mimi naiita magunia: kodi, afya, usafiri, bunduki na kilimo vikifungwa pamoja. Mei 2024, saa ya mwisho ya kikao, lilipitishwa gunia la kurasa zaidi ya 1,400, upinzani ukipiga kelele ukumbini.

Ndani yake kulikuwa na malipo ya madereva wa Uber na Lyft, jambo linalowahusu ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanaozunguka uwanja wa ndege usiku. Historia yake inafundisha. Mwaka 2023 mabaraza yote mawili yalipitisha mswada wa madereva, HF 2369, na Mei 25 gavana Walz akaupigia kura ya turufu, ya kwanza tangu aingie madarakani. Mwaka uliofuata yakafikiwa mapatano, senti 128 kwa maili na senti 31 kwa dakika, yakatiwa ndani ya lile gunia.

Sasa mbunge aliyepinga gunia alipinga madereva? Huenda. Huenda alipinga kifungu cha bunduki kilichokuwa ukurasa wa mia saba. Kanuni yangu ni hii: kura ya gunia naiandika kwa rangi nyingine na siihesabu kwenye asilimia. Kwa madereva natumia ile ya 2023, ambapo mswada ulikuwa peke yake na swali lilikuwa wazi.

Nayo miswada isiyofika kwenye kura kabisa ni mingi kuliko inayofika. Mwenyekiti wa kamati asipoipangia siku, imekufa, na hakuna kura ya kumshika nayo mtu. Kwa hiyo fuatilia sahihi. Katika Baraza mswada unaweza kuwa na waandishi hadi 35, katika Seneti watano. Mheshimiwa anayehubiri makazi nafuu kila Jumapili lakini jina lake halimo kwenye mswada wowote wa makazi, muulize. Na angalia nani alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoufunika.

Kuna pia kura za utaratibu: kuahirisha, kurudisha kamatini, kupinga uamuzi wa Spika. Zinachosha kusoma, na kwa kawaida kila mtu hufuata kiranja wa chama chake. Zipite, isipokuwa moja ikiwa ndiyo iliyozika suala lako.

Jedwali

Fungua jedwali la bure la mtandaoni. Kila mstari ni kura moja. Safu za kwanza: nambari na kikao, tarehe, swali lililoulizwa kwa sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida, aina ya kura (ya mwisho, rekebisho, kamati), matokeo, ukurasa wa Journal. Kisha safu moja kwa kila mheshimiwa unayemfuata. N kwa ndiyo, H kwa hapana, K kwa aliyekosekana. Usigeuze K kuwa H; iache K, msomaji ajue.

Sentensi ya Kiswahili ndiyo ngumu, na ndiyo yenye faida. "HF 4, hatua ya mwisho" haimsaidii mama yangu mdogo. "Je, mtu apewe leseni bila kuulizwa makaratasi ya uhamiaji?" inamsaidia. Ukishindwa kuliandika swali kwa sentensi moja, hiyo ni dalili kwamba kura hiyo ni gunia.

Kura zilizopita bila mpinzani zitoe. Zinapandisha alama za kila mtu, na hazitofautishi yeyote. Mtu anaweza kupata asilimia 80 kwa kusherehekea pamoja na wenzake siku ambazo hakuna aliyebisha. Kura za kung'ang'aniwa, kumi tu, zinakuambia zaidi kuliko mia za mteremko.

Jumuiya na vyama hutoa kadi zao za alama kila kikao. Shirikisho la wafanyakazi AFL-CIO la Minnesota lina yake, chama cha wafanyabiashara nacho huhesabu kura zake. Zisome zote mbili kwa suala lilelile. Utaona mheshimiwa mmoja akiwa malaika huku na shetani kule. Usinakili asilimia zao. Nakili orodha yao ya kura, uipime mwenyewe. Tovuti ya Bunge ina pia huduma iitwayo MyBills, itakayokutumia taarifa mswada ukisogea, ili usigundue kura wiki tatu baadaye.

Juni 2025

Nina mstari mmoja kwenye jedwali langu ambao bado sijui niupake rangi gani.

Uchaguzi wa 2024 ulileta Baraza la sare, 67 kwa 67. Kwa kuwa mswada unahitaji 68, hakuna upande ulioweza kupitisha kitu bila angalau mtu mmoja wa upande wa pili. Bajeti ilikwama, serikali ya jimbo ikikaribia kufungwa. Sehemu ya mapatano ya viongozi ilikuwa kuwaondoa watu wazima wasio na makaratasi kwenye bima ya afya ya jimbo, MinnesotaCare, ambayo ilikuwa imewafungulia mlango Januari 2025 kwa sheria ya 2023. Watoto wangebaki.

Juni 9, katika kikao maalumu, Baraza lilipiga kura: 68 kwa 65. Fanya hesabu tuliyojifunza. Republican 67. Kura ya 68 ilitoka DFL, na ilikuwa ya Melissa Hortman, kiongozi wao, mkaazi wa Brooklyn Park hapa kwetu. Alikuwa peke yake. Aliizungumzia akilia. Siku tano baadaye, Juni 14, yeye na mumewe Mark waliuawa kwa risasi nyumbani kwao.

Kwenye kadi ya alama ya haki za wahamiaji, mstari huo unampa alama mbaya kabisa. Lakini mwaka 2023 alikuwa Spika, na HF 4, HF 5, SF 2 na sheria yenyewe ya MinnesotaCare zilipita chini ya rungu lake. Waliokuwa na haki ya kukasirika walikasirika: watu waliopoteza bima hawali maelezo. Nami sitaki kuifuta kura hiyo wala kuipamba. Nilichofanya ni kuongeza safu mpya, "kilichokuwa mezani", nikaandika: bajeti, sare 67–67, ilihitajika kura moja. Tangu hapo safu hiyo naijaza kwa kila kura ya karibu, na ndiyo ninayoisoma kwanza.

Ukiwa jimbo jingine

Ndugu wa Portland na Lewiston, Maine, ambako Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wamekuwa wengi, wana Baraza la watu 151 na Seneti ya 35. Texas, nyumbani kwa Waswahili wengi wa Dallas na Houston, Bunge hukutana kikao cha kawaida miaka ya namba witiri tu, kwa hiyo jedwali lako litakuwa na mapengo ya mwaka mzima. Nebraska ni kituko: ina baraza moja tu, la watu 49, na kwenye karatasi ya kura hawaandikwi vyama, basi hesabu yangu ya "nani alivuka" haitakufaa sana. Kwa majimbo yote 50, LegiScan na Open States hukusanya miswada na kura mahali pamoja. Zitumie kutafutia, kisha hakiki kwenye rekodi rasmi ya jimbo.

Muulize

Jedwali likishajaa, mwandikie. Novemba 3, 2026 ni siku ya uchaguzi wa viti vyote 201, vya Seneti na vya Baraza, na ofisi hujibu upesi zaidi uchaguzi unaponukia. Andika kwa ufupi, suala moja tu:

"Mheshimiwa, naishi katika eneo lako. Tarehe fulani ulipiga kura ya hapana kwa mswada fulani, ukurasa fulani wa Journal. Naomba kujua sababu yako. Je, ukirudi mswada uleule bila marekebisho, utapiga vipi?"

Hilo swali la pili ndilo la muhimu. La kwanza watalijibu kwa barua iliyoandikwa zamani na kunakiliwa.

Kuandika barua, kupiga simu, au kutoa maoni mbele ya kamati hakuhitaji uraia. Mwenye Green Card, mwenye viza, asiye na makaratasi, wote wanaweza kuuliza. Kupiga kura ni jambo jingine: kama wewe si raia wa Marekani, usijaze fomu ya kujiandikisha kupiga kura hata ukiwekewa mezani na mtu mwenye tabasamu na kalamu. Inaweza kukugharimu makaratasi yako.

Jibu likija, liweke kwenye safu ya mwisho pamoja na tarehe. Baada ya wiki tatu pasipokuwa na kitu, andika "hakujibu", na jedwali ulitume kwenye kundi la WhatsApp na nambari zake zote za kurasa za Journal, kila atakayebisha aende kusoma mwenyewe.